Dhima ya Aliyelala

Kitanda cha ubavuni ni kitanda kidogo cha mtoto mchanga chenye kingo tatu ndefu, na ukingo wa nne mfupi au usiokuwepo kabisa. Upande huo wa nne ndio unaosogezwa hadi ugusane na kitanda cha mama, magodoro mawili yakawa ya kimo kimoja, ili mama amfikie mtoto kwa mkono bila kushuka, naye mtoto awe na mahali pake ambapo mwili wa mtu mzima haufiki. Katika maduka ya Moshi na Arusha huuzwa vipya kutoka ng'ambo na vya mtumba. Usangi, juu katika milima ya Upare ya Kaskazini, fundi seremala wa jirani anaweza kukichonga kwa mbao za paini au mkaratusi, akifuata kimo cha kitanda ambacho tayari kipo chumbani. Ni samani ndogo kuliko meza ya sebuleni. Hata hivyo imebeba swali ambalo wanazuoni wa dini walilishughulikia karne nyingi kabla samani yenyewe haijapata jina: mtu aliyelala anadaiwa nini kwa jambo lililotokea yeye akiwa usingizini?

Usangi swali hilo lina wenyewe zaidi ya mmoja. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifungua kituo Shighatini mwaka 1900. Uislamu nao ulipanda milima hiyo kwa njia za biashara zilizotoka pwani, na leo misikiti na makanisa yanatazamana kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine. Si ajabu Mwislamu na Mlutheri wakawa wajukuu wa babu mmoja. Kusini, upande wa Same, Waadventista Wasabato wapo tangu mwaka 1903. Chini ya tabaka zote hizo ipo imani ya kale ya Wapare kwa Kyumbi, Muumba. Mtoto mchanga wa Usangi huombewa kwa lugha zaidi ya moja, na pengine kwa dini zaidi ya moja, kabla hajatimiza wiki.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo swali la dhima halina pa kushika. Godoro la mtoto mchanga liwe gumu na bapa. Likibonyezwa kwa kiganja lirudi papo hapo, lisibaki na shimo. Sponji laini ambayo mtu mzima angeifurahia ni hatari kwa mtoto: kichwa chake ni kizito, shingo haina nguvu, uso ukizama kwenye sponji anaanza kuvuta tena hewa ile ile aliyoitoa. Fito za kingo zisiachane zaidi ya sentimita 6. Kipimo cha haraka ni kopo la soda: likipenya kati ya fito mbili, kiwiliwili cha mtoto nacho kinaweza kupenya, kichwa kikanasa. Kati ya godoro na mbao za pembeni visiingie vidole viwili. Upande wa kichwa usiinuliwe, kwa sababu mtoto aliyelazwa kwenye mwinamo huangusha kidevu kifuani na njia ya hewa ikabanwa. Mwaka 2022 Marekani ilipiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10. Mto, mdoli na blanketi zito havina nafasi humo, hata kama vimeletwa na shangazi kwa nia njema.

Panapohitaji jicho kali kuliko pote ni pale vitanda viwili vinapokutana. Kitanda cha ubavuni kilichosogezwa tu bila kufungwa huteleza kidogo kidogo kila mama anapojigeuza, na kwenye sakafu isiyo sawa huteleza upesi zaidi. Usiku kilikuwa kimegusa. Alfajiri pana mwanya wa vidole vinne, na mwanya wa vidole vinne unatosha kummeza mtoto wa kilo tatu. Mkanda imara, au kamba ya katani ambayo nyanda za chini ya milima hiyo hazijaikosa tangu mashamba ya mkonge ya enzi za Wajerumani, hupitishwa chini ya godoro la mama na kukazwa kwenye mbao za upande wa pili wa kitanda, fundo likiwa mbali na mikono ya mtoto. Kisha kitanda kidogo kinavutwa kwa nguvu. Kikitikisika, kazi haijaisha.

Baridi nayo ina hila zake. Ukungu unaposhuka kutoka mlima Kindoroko mwezi wa Juni na Julai, mama yeyote wa Usangi hushawishika kumfunika mtoto mpaka utosini, au kuingiza jiko la mkaa chumbani. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina rangi wala harufu, nayo huua wakubwa kwa wadogo. Nguo za tabaka mbili zinazoushika mwili, na mfuko wa kulalia usiofika usoni, hufanya kazi ya blanketi bila hatari yake. Chandarua kitandazwe juu ya vitanda vyote viwili na kuchomekwa chini ya magodoro, kisining'inie ndani kama pazia.

Mtoto alazwe chali. Ushauri huu unaonekana wa kawaida leo, lakini ndio uliochelewa kuliko yote. Katika miaka ya 1950 kitabu cha malezi kilichosomwa kuliko vingine Marekani, cha daktari Benjamin Spock, kilianza kupendekeza mtoto alazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa. Hoja ilisikika ya busara. Ilikuwa kinyume cha kweli: mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yaliyocheuliwa hushuka yalikotoka. Uholanzi iligeuza ushauri mwaka 1987, Uingereza mwaka 1991, Marekani mwaka 1992, na katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikapungua kwa nusu au zaidi. Maelfu ya wazazi walikuwa wamefuata walichoambiwa na wenye elimu. Hapo dhima inaanza kuonyesha sura yake halisi. Inakwenda na ujuzi: jambo ambalo halikuwa kosa kwa bibi linaweza kuwa kosa kwa mjukuu aliyekwisha kuambiwa kliniki, na mjukuu hapati haki ya kumlaumu bibi kwa hilo.

Kiswahili kina neno moja kwa balaa linaloogopwa zaidi kitandani: kumlalia mtoto. Neno halisemi kama mtu alikusudia au hakukusudia. Linaeleza tu uzito mmoja juu ya mwingine. Biblia ya Kiswahili inalitumia katika kisa cha hukumu ya Sulemani, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Wahubiri hupenda mwisho wa kisa hicho, upanga ulipoletwa na mama wa kweli akajulikana kwa huruma yake. Mwanzo wake huhubiriwa mara chache. Wanawake wawili wako nyumba moja, kila mmoja na mtoto wa siku chache, hakuna mtu mwingine. Mmoja anamlalia wake usiku, anaamka, anambadilisha na wa mwenzake. Sulemani anatoa hukumu juu ya wizi. Juu ya kifo hasemi neno. Mfalme aliyesifiwa kwa hekima kuliko wote hakuona kwamba aliyelala ana shitaka la kujibu, na ukimya huo ni hukumu ya aina yake.

Wakristo wa baadaye hawakunyamaza hivyo. Kanisa la Ulaya katika zama za kati liliweka toba kwa wazazi waliowalalia watoto wao, na maaskofu wakakataza watoto wachanga kulazwa kitanda kimoja na wakubwa. Florence ilikwenda mbali zaidi, ikageuza katazo kuwa useremala. Barua iliyochapishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1730 ilieleza kifaa kiitwacho arcuccio: fremu ya mbao yenye tao juu, iliyowekwa kitandani mtoto akiwa ndani yake, na pembeni imekatwa mahali pa ziwa la yaya kupita wakati wa kunyonyesha. Yaya asiyeitumia, barua ilisema, alikabiliwa na adhabu ya kutengwa na Kanisa. Kitanda cha ubavuni cha leo ni kitukuu cha fremu ile. Jambo la kutazamwa ni mahali adhabu ilipowekwa. Yaya hakuhukumiwa kwa kugeuka usingizini. Alihukumiwa kwa kulala kabla ya kusimamisha fremu.

Sheria ya Kiislamu ilifika mahali hapo hapo kwa njia ndefu na makini zaidi. Hadithi mashuhuri inaeleza kwamba kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi akili imrudie. Kitanda cha mama na mchanga wake, saa nane usiku, kina wawili kati ya hao watatu. Hakuna juu yake mtu hata mmoja anayeandikiwa. Ingetosha kuishia hapo na kusema hakuna neno, lakini mafakihi, wanazuoni wa sheria hiyo, hawakuishia hapo. Al-Quduri wa Baghdad, fakihi wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1037, alipogawanya mauaji katika mafungu matano, aliweka fungu la nne peke yake kwa kile kinachokwenda mkondo wa kosa, na mfano wake ni huu huu: aliyelala anayegeuka juu ya mtu akamuua. Si mauaji ya kukusudia, kwa kuwa aliyelala hana kusudi. Si kosa la kawaida pia, kama la mwindaji aliyelenga paa akampata mtu, kwa kuwa mwindaji angalau alikuwa anatenda na aliyelala hatendi. Hata hivyo diya, yaani fidia ya damu, inalipwa, na kafara inafungwa: miezi miwili mfululizo ya saumu kwa asiye na mtumwa wa kumwacha huru, kama Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inavyoelekeza kwa anayeua kwa makosa. Madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, hayatengi fungu la peke yake, ila yanafikia hukumu hiyo hiyo.

Kama kalamu imeinuliwa, kafara inatoka wapi? Jibu la mafakihi wa Kihanafi ni fupi na linastahili kukaliwa: inatoka katika kuacha tahadhari. Usingizi wenyewe hauna dhambi. Lakini mtu hutembea hadi usingizini kwa miguu yake. Alichagua mahali pa kulala, alijua nani yuko ubavuni, aliona kama kitanda ni chembamba. Saa ya dhima ni ile ya kabla ya taa kuzimwa, na yule anayejibu ni mtu aliye macho, hata ikiwa ni dakika tano tu kabla ya kuwa mtu aliyelala. Ni saa hiyo ndiyo inayompa maana fundi, godoro gumu na kamba iliyokazwa.

Kuna upande wa huruma katika fikihi hii ambao waliofiwa wanahitaji kuujua. Wanazuoni wengi wa sasa wakiulizwa na mama aliyeamka akamkuta mtoto amekufa ubavuni pake, huuliza kwanza kama ana yakini kwamba yeye ndiye sababu. Kama hana, hana kafara. Asili ya kila mtu ni kutokuwa na hatia, na wasiwasi hauwi ushahidi. Tahadhari hiyo ina msingi hata katika tiba. Marekani pekee, ambako vitanda na mafunzo havikosekani, watoto wapatao 3,500 hufa ghafla usingizini kila mwaka, wengine kwenye vitanda vilivyotimiza kila kipimo. Kitanda salama hupunguza hatari. Hakiifuti.

Fungu la tano la al-Quduri linamhusu fundi. Ni kuua kwa kusababisha, na mfano wake ni mtu anayechimba kisima mahali ambapo si pake, kisha mpita njia akatumbukia. Mchimbaji hakumgusa yeyote, pengine alikuwa safarini, lakini diya inamfuata. Torati ina mwenzake: Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyeacha shimo bila kifuniko amlipe mwenye ng'ombe aliyeanguka humo. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inaweka amri ambayo maseremala wangeweza kuiandika juu ya mlango wa karakana: anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili asilete damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Amri haimngoji mtu aanguke. Inamkuta mjenzi akiwa na vifaa mkononi. Fundi anayeacha sentimita 9 kati ya fito kwa sababu mbao zimepungua amechimba kisima, na muuzaji wa mtumba anayeuza kitanda bila skrubu mbili za asili, akaziba matundu kwa vanishi, amekifunika kisima hicho kwa majani. Upunguzaji wa bei hauwaondolei dhima. Wateja wengi huuliza kwanza rangi.

Hapa huingia pingamizi la mcha Mungu, nalo halistahili kudharauliwa. Watoto wa milimani wamelala kifuani pa mama zao vizazi na vizazi, linasema, na Mungu akawalinda. Kupima fito kwa tepu ni kupungukiwa na tawakali. Waislamu wanakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akajibiwa amfunge kisha ategemee. Lakini hoja iliyo karibu zaidi na mtoto mchanga ni ya Musa, ambaye Msahafu na Biblia vyote viwili humweka katika chombo juu ya maji. Katika Sura ya Al-Qasas mama yake anapewa ahadi ambayo hakuna mzazi mwingine amepewa: kwa ufunuo anaambiwa asiogope, mtoto atarudishwa kwake na atakuwa mjumbe. Mwenye ahadi kama hiyo angeweza kumtupa mtoto mtoni mikono mitupu. Hakufanya hivyo. Sura ya Taha inataja sanduku. Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kinaeleza kikapu cha mafunjo kilichopakwa lami kisivuje, na dada wa mtoto aliyesimama mbali akiangalia. Ahadi ilikuwapo, na lami ikapakwa. Kwa msomaji wa Usangi, mwenye jamaa katika dini zote mbili, hakuna ushahidi mwingine unaohitajika kwamba kuziba mianya si kukosa imani.

Msemo unaosikika misibani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nao unahitaji kuwekwa mahali pake. Ukisemwa baada ya kifo, mbele ya mama aliyekaa mkekani, ni kitulizo na ni haki yake. Ukisemwa kabla, mbele ya kitanda chenye mwanya, umekuwa kisingizio. Maneno hayabadiliki; kinachobadilika ni kama bado kuna kitu ambacho mikono inaweza kufanya.

Upare yenyewe ina kumbukumbu nzito juu ya watoto na mahali pa kulazwa. Kama jamii nyingi za Afrika Mashariki, Wapare wa zamani waliwaogopa watoto wa namna fulani, akiwemo kigego, yaani aliyetangulia kuota meno ya juu. Iliaminika kuishi kwake kungewaletea wengine maafa. Kule Mbaga, Upare ya Kusini, wageni huonyeshwa jiwe la Malameni na kusimuliwa kwamba hadi miaka ya 1930 watoto walitolewa kafara pale ili kutuliza roho mbaya. Ni rahisi kulisimulia jiwe hilo kama ushenzi uliokwisha. Jiwe na kitanda vinajibu swali moja: balaa ikitokea, au ikihofiwa, inabebwa na nani? Jiwe lilimbebesha mtoto. Enzi nyingine zimembebesha mama, na si Afrika tu. Uingereza mwaka 1999 wakili Sally Clark alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya watoto wake wawili kufa, mahakama ikiwa imeelezwa takwimu iliyokokotolewa vibaya kwamba vifo viwili vya ghafla katika familia kama yake hutokea mara moja katika milioni 73. Aliachiwa mwaka 2003. Jamii iliyofiwa hutafuta wa kumtwika mzigo, na walio karibu zaidi na kitanda, mtoto na mama, ndio wasio na nguvu ya kuukataa.

Kinga za jadi zinaangukia hapa pia. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto mchanga huvikwa uzi mweusi au hirizi, na pengine kisu kidogo, Biblia au juzuu ya Msahafu huwekwa chini ya mto wake. Wachungaji na masheikh wamelumbana juu ya uhalali wa mambo hayo kwa muda mrefu, na mabishano hayo yataendelea. Swali la kitanda ni jepesi zaidi: uzi wa shingoni unaweza kunasa kwenye fito, mto hautakiwi kuwepo, na kisu ni kisu. Anayeamini baraka ya Kitabu anaweza kukiweka juu ya kabati, mahali ambapo kwa adabu ya dini zote mbili ndipo pangefaa zaidi kuliko chini ya mtoto mwenye nepi.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu linatoka kwa walezi wenyewe. Kumtenga mtoto na mwili wa mama, linasema, ni ubaridi ulioletwa na watu wanaolala vyumba mbalimbali. Lina ukweli ndani yake. Tiba imejifunza upya jambo ambalo mbeleko ililijua: Bogotá, mwaka 1978, Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka njiti kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwapa joto hazikutosha, na njia hiyo imeenea hadi wodi za Tanzania. Ila mama wa wodini yuko macho, au mtu mwingine yuko macho kwa ajili yake. Kinachohukumiwa ni usingizi, na usingizi mzito hasa: wa aliyekunywa pombe ya dengelua jioni, wa mvutaji sigara, wa aliyemeza dawa za usingizi, wa aliyesinzia na mtoto kwenye kochi. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 yuko katika hatari zaidi. Wataalamu wengi hushauri mtoto alale chumba kimoja na mama kwa miezi 6 ya kwanza angalau, kwenye kitanda chake. Kitanda cha ubavuni ndiyo sulhu ya ushauri huo na hamu ya mama: mkono unafika, pumzi inasikika, uzito haufiki.

Sulhu hii haihitaji fedha nyingi, na hilo lina maana kwa swali la dhima, maana haiwezekani wajibu wa dini uwe wa wenye duka karibu tu. Ufini ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wenye kipato cha chini sanduku la karatasi ngumu lenye nguo na kigodoro. Sanduku lenyewe likawa kitanda, na kuanzia mwaka 1949 likatolewa kwa kila mama. Wamaori wa New Zealand, waliopoteza watoto wengi kwa vifo vya usingizini, walisuka kwa majani ya harakeke kikapu kiitwacho wahakura, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi ili mtoto alale katikati ya jamaa zake bila kulaliwa. Pwani ya Waswahili ilikuwa na susu ya kuning'inizwa, ingawa susu hupinda mgongo wa mtoto na haifai kwa usiku kucha. Upare kuna wasukaji wa vikapu. Kikapu cha ukindu chenye kitako bapa, kingo ngumu na godoro gumu lililokatwa kwa kipimo chake kinatimiza yanayotakiwa, na mfumaji wake anabeba dhima ile ile ya seremala.

Martin Luther, ambaye jina lake limo katika jina la makanisa ya Usangi, aliandika mwaka 1522 juu ya ndoa, na humo akataja kazi ambazo akili ya kujiona huzidharau: kumbembeleza mtoto, kufua nepi zake, kumtandikia kitanda. Baba anayezifanya kwa imani, alisema, anaweza kuchekwa na majirani, lakini Mungu na malaika humfurahia. Katika nyumba nyingi kazi ya kukaza kamba ya kitanda kabla ya kulala imeachiwa mama, ambaye amechoka kuliko wote na ndiye atakayelala ubavuni. Kwa hoja ya mafakihi, huyo ndiye asiyefaa kuachiwa peke yake. Tahadhari ni deni la kila aliye macho nyumbani saa hiyo, baba, bibi, au dada aliyekuja kusaidia uzazi.

Kazi ya kitanda cha ubavuni ni fupi. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kwa kawaida karibu na mwezi wa tano au wa sita, ukingo mfupi haumzuii tena, na kitanda kinaondolewa usiku ule ule, hata kama bado anaenea. Kisha hupelekwa darini, au huazimwa na binamu wa kijiji cha pili, kutoka nyumba hadi nyumba, hadi mbao zibadilike rangi. Kila kinapohama, skrubu hulegea na godoro huzama katikati. Katika biashara, fikihi humlazimu muuzaji kutaja kasoro ya bidhaa anayoijua, na anayenyamaza humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Anayemwazima mtu kitanda cha mtoto hauzi kitu, ila ndiye anayejua ufito upi ulipasuka na mguu upi ulitiwa kijiti. Hutaja hayo mlangoni, kitanda kikiwa bado begani pa mchukuzi.